Mzimu wa Dirisha la Juu

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi. Kila jioni Mjomba anatembeza watalii mji wa kale — majini ya kisimani, askari asiye na kichwa, porojo tupu — na mkalimani ni mimi, eti Kiingereza changu cha shule kimenyooka. Mimi ninayetetemeka nikiulizwa swali darasani!

Leo kaongeza kituo kipya: nyumba yetu. Eti dirisha la juu lina mzimu wa bibi harusi aliyefungiwa akafa njaa. Humo analala Bibi! Mama yake mzazi! Mzima kabisa, ila kumbukumbu zimemtoka.

Nikatafsiri. Neno kwa neno. Najichukia.

Jumatano, 6 Machi

Sasa Mjomba kamnunulia Bibi gauni jeupe. Kamwambia akae dirishani na taa, kuna wageni watapita. Bibi kafurahi, kila saa ananiuliza kama nywele zimekaa sawa. Watalii wakapiga mayowe, simu juu. Mjomba akanikonyeza.

Nikamwambia Mama. Akaendelea kumenya viazi. Akasema nisimgombanishe na kaka yake, na Bibi mwenyewe hajui. Hajui! Si ndiyo maana inauma, Mama? — Hilo nimelisema humu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Video imesambaa. Shuleni naitwa Mjukuu wa Jini. Nikacheka nao. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo Bibi kafungua dirisha, kainama, kaita: jamani, mbona mmesimama nje, pandeni mnywe chai!

Kundi likaganda. Mtalii mmoja, mama mwenye miwani, akaniuliza anasema nini. Mjomba, bila hata kugeuza shingo: "Waambie anawalaani, wao na vizazi vyao. Haya, mjomba wangu, usiniangushe."

Nikasema: ni bibi yangu, anawakaribisha chai.

Mwenye miwani akamtazama Mjomba, akatia simu mkobani, akasukuma mlango wetu. Wengine wakamfuata.

Nimejifungia jikoni, birika linachemka. Mjomba yuko nje ya mlango, ananong'ona wageni wasisikie — msaliti, toka, kaseme ulikuwa unatania! Chumba cha pili Bibi anacheka na watu wasiomwelewa hata neno. Ananiita nikatafsiri. Anawaambia, namsikia vizuri, huyo mliyetembea naye ni mwanangu, mtoto mwema, hajawahi kuniongopea.

Anarudia tena. Wanasubiri.