Insha Niliyoinakili Ubaoni

Gatuanyaga, Ijumaa, Julai 1955

Baridi tangu asubuhi, na manyunyu yale yasiyolifaa shamba ila yanalowesha shati. Leo ni siku ya nne hatujaona jua. Lango la kijiji limefungwa sasa hivi, nimesikia mnyororo ukipita kwenye chuma. Mwanga wa kuandikia bado upo kidogo. Daftari, nivumilie huu mwandiko.

Leo nimemponza mtoto wa watu.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Miaka sita nafundisha darasa la nane, na miaka sita nagombana na ugonjwa mmoja. Mwambie mwanafunzi achambue maandishi, atakusimulia yale maandishi upya, kutoka juu mpaka chini, kisha amalizie kwa kusema mwandishi amejitahidi sana. Haiya! Nani alikuuliza kama amejitahidi? Nimeandika kwa wino mwekundu mpaka chupa inakaribia kukauka: usinisimulie, nimeshasoma, niambie maneno haya yanafanya kazi gani.

Nawafundisha hivi. Sema jambo moja unaloliamini kuhusu hayo maandishi, jambo ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulipinga. Kisha nionyeshe neno lenyewe, lilete hapa mezani tulione. Niambie kwa nini ni neno hilo na si jingine. Na kabla hujamaliza, mpe nafasi yule asiyekubaliana nawe, tena mpe hoja yake iliyo bora, si ile ya kijinga unayoweza kuiangusha kwa kidole kimoja. Basi. Mtoto akishika hayo, mtihani wa kwenda sekondari hautamtisha.

Shida ni vitabu. Tunacho kitabu kimoja cha kusoma kwa watoto arobaini, na kurasa za mwisho zilichanika tangu serikali ilipotuhamisha mashambani ikatuleta huku kijijini, nyumba zikabanana ndani ya mtaro na waya. Ndiyo maana Jumatatu niliwaambia, kwa kujiona mwerevu kweli, kila mmoja atafute maandishi yoyote anayoweza kuyapata hapa kijijini, ayachambue. Yoyote. Nilitamka neno hilo kwa kinywa changu mwenyewe.

Wengi walileta karatasi za sabuni na pakiti za majani ya chai. Njoroge aliandika kwamba sabuni ile ni nzuri, inatoa povu jingi na mama yake anaipenda. Nikamwandikia: huyu ni mama, uchambuzi uko wapi? Nilicheka peke yangu hapa nyumbani. Ni juzi tu hiyo, na naona kama ni mwaka jana.

Kisha nikafikia karatasi ya Wanjiru.

Wanjiru ana miaka kumi na sita. Baba yake alichukuliwa na askari akafungwa kambini mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, mama yake hayupo duniani, na anayemlea ni cucu, bibi yake, mzee wa kukata nyasi za kuuza. Hana maneno mengi. Yeye hakuchambua sabuni. Alichambua tangazo lililopigiliwa msumari pale langoni, lile linalotueleza saa za kutoka na za kuingia.

Nayanakili maneno yake hapa, maana baadaye sitakuwa nayo. “Tangazo linasema lango limewekwa ili kutulinda. Neno hilo limerudiwa mara tatu katika mistari saba. Mtu hurudia neno anapojua kwamba halijaaminiwa. Mlango wa anayelindwa hufungwa kutoka ndani, lakini kufuli la lango letu liko nje. Wapo watakaosema walinzi wanalala nje ili wao wawe wa kwanza kukutana na adui. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini hata mchana, adui asipokuwepo, ufunguo unabaki kwao.”

Niliisoma nimesimama. Ngai! Kila nilichokifundisha kilikuwemo, na kingine ambacho sikukifundisha kwa sababu sinacho. Anayempinga amempa hoja yake kwa heshima, kisha akamshinda bila kupaza sauti.

Hatari niliiona. Sitajidanganya humu ndani. Niliiona, lakini uzuri niliuona kwanza, na nikataka darasa zima liuone.

Sasa, mimi nina desturi yangu. Kwa kuwa vitabu hakuna, insha bora ya juma naiandika ubaoni bila jina, watoto wote wanainakili kwenye madaftari yao, na hiyo ndiyo inakuwa kitabu chetu. Kila mwaka darasa la nane linaondoka na insha kama ishirini za mfano. Walimu wa shule nyingine wamenisifu kwa hilo, na mimi napenda sifa, nakiri. Jumatano nikashika chaki. Watoto arobaini wakanakili neno kwa neno. Nikafuta ubao nikajiona nimefanya uangalifu mkubwa! Ubao ulikuwa safi, na maneno yamekaa katika madaftari arobaini.

Msimamizi wa shule alitarajiwa juma lijalo. Amekuja leo saa nne, na baiskeli yake, kofia imelowa. Ni mtu wa kwetu huku huku, tulisoma chuo kimoja cha ualimu, tukalala vitanda jirani. Afisi yake iko Ruiru. Alikuja kuhakiki majina ya watahiniwa, na kama kawaida akaomba madaftari machache aone kazi.

Alisoma daftari la kwanza. Akachukua la pili, akachukua la tatu. La nne hakulifungua. Alinitazama, akaniuliza polepole, “Mwalimu, huu mfano umetunga wewe?”

Leo nzima nimekuwa nikilisikia swali hilo. Hakuuliza ni nani aliyetunga. Aliuliza kama ni mimi, na nadhani alikuwa ananifungulia mlango. Mwalimu akikosa huandikiwa barua, huhamishwa, labda hupelekwa mahali pabaya zaidi, lakini mwalimu ni mtu mzima.

Nikajibu, “Hapana.”

Lilikuwa jibu la kweli. Sijawahi kusema neno la kweli lililo baya hivyo.

Kisha Wanjiru akasimama, mikono nyuma jinsi tunavyowafundisha, akasema, “Ni yangu, bwana.” Msimamizi akatoa orodha ya watahiniwa mfukoni, akapiga mstari juu ya jina lake. Akasema Jumatatu asubuhi mtoto aende na cucu yake mbele ya chifu, wakaeleze mambo hayo alifundishwa na nani nyumbani. Nyumbani! Akafunga yale madaftari yote arobaini kwa kamba, akayaweka nyuma ya baiskeli, akaondoka bila kuniaga.

Cucu alikuja saa nane. Sijui alipelekewa habari na nani. Nguo yake ilikuwa imejaa vipande vya nyasi, maana alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa darasa akakataa kukaa.

“Mwarimu, wananiambia mtoto ameandika vibaya.”

“Hapana, cucu. Ameandika vizuri sana.”

“Vizuri kabisa?”

“Kuwashinda wote.”

“Basi kosa ni la nini?”

Mimi ninayewafundisha watoto wa watu kuuliza kwa nini, nilisimama mbele ya mama mzee asiyejua a wala be, nikatazama viatu vyangu. Akanishukuru kwa kumfundisha mjukuu wake. Akanishukuru, daftari! Afadhali angenitemea mate.

Tangu hapo nimekuwa nikijifariji kwa maneno haya: angalau sikumtaja. Nimeyarudia njia nzima kutoka shuleni. Sikumtaja, alisimama mwenyewe. Lakini ukifundisha kitu miaka sita, kitu hicho hakikuachi ukae kwa raha. Haya mwalimu, umesema jambo lako. Leta ushahidi.

Ushahidi ni huu. Niliposema hapana, watoto thelathini na tisa waliinamisha macho kwenye madawati. Hata Njoroge, ambaye hawezi kukaa kimya akiona nzi akipita. Hakuna mmoja aliyegeuza shingo. Walijua vizuri insha ni ya nani, na hakuna aliyetazama upande ule.

Mimi nilitazama.

Macho yangu yaliondoka kwa msimamizi yakaenda moja kwa moja kwenye dawati la tatu karibu na dirisha. Wanjiru aliniona nikimtazama. Msimamizi aliniona. Ndipo Wanjiru aliposimama. Kwa hivyo kinywa changu hakikumtaja, ila nilimtaja.

Mpe anayekupinga hoja yake bora. Haya. Hoja yake ni kwamba niliogopa, na mwenye woga hatawali macho yake. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini Wanjiru alikuwa na woga zaidi yangu, na baba yake yuko kambini, na alisimama.

Nina pasi ya kesho, ile karatasi ya ruhusa ya kutoka kijijini. Niliiomba majuma mawili yaliyopita nikamwone mama yangu Ruiru, inanitosha kwenda na kurudi kabla ya lango kufungwa. Mama atanisamehe. Nitakwenda afisini kwa msimamizi kabla hawajafunga saa sita. Nitamwambia insha niliitunga mimi, na kwamba mtoto alisimama kwa adabu ili kumfichia mwalimu wake aibu. Leo nimesema kweli nikamponza, kesho nitasema uongo. Arudishe jina lake, na Jumatatu anipeleke mimi kwa chifu.

Uongo huo unaweza kusimama. Madaftari yote arobaini yana maneno yale yale, hata la Wanjiru mwenyewe ni nakala ya ubaoni kama ya wengine. Kinachoonyesha insha ni ya nani ni karatasi moja tu, ile aliyoandikia kwanza, yenye jina lake juu na maneno aliyokata akatafuta mengine bora. Karatasi hiyo ninayo mimi. Iko hapa mbele yangu, kando ya jiko.

Nimeisoma tena. Nimetafuta kosa la kunifanya nimkate hata alama moja, maana sijawahi kumpa mwanafunzi ishirini kwa ishirini, huwa nasema ishirini ni ya malaika. Sikuliona. Nimechukua wino mwekundu uliobaki nikaiandika ishirini yake, nikaizungushia duara. Kisha nimeitia jikoni. Haikuchukua muda hata kidogo kuungua.

Wanjiru hatajua alipata ngapi.

Wewe, daftari, nikimaliza hapa nakuchomeka ndani ya nyasi za paa, mahali pakavu, maana nawe sasa ni ushahidi. Mwanga unakwisha. Nimekaa najaribu jibu langu kwa sauti, kama mwanafunzi kabla ya kuhojiwa. Ndiyo, bwana, nimetunga mimi. Ndiyo, bwana, peke yangu. Kinywa kimeshalizoea, linatoka sawa.

Ila orodha ya majina itakuwa pale mezani, kati yetu, na mstari ule juu ya jina lake. Atakaponiuliza mara ya pili, sijui macho yangu yatakwenda wapi.