Kitabu Ulichosema ni Chetu

Kaka Eli,

Kitabu chako kimefika. Nilishuka Same mjini kukipokea kwenye basi la Dar, mwanangu mdogo mgongoni, dada yake Neema namvuta mkono. Kizito kama tofali.

Kila Krismasi Mama alikuwekea jogoo, na kila Krismasi ulipiga simu: "Namalizia sura moja, Mama. Kitabu hiki ni chenu." Majogoo wale tuliwala sisi. Halafu moyo wako ukasimama hukohuko chuoni. Ulipokuja nyumbani, ulikuja umebebwa.

Jumamosi tumesimika msalaba kaburini kwako. Mchungaji akaniomba nisome ukurasa mmoja, watu wasikie ulichokuwa ukikitafuta kwa Wachina wa kale miaka yote hiyo. Nikachagua pale unapoeleza kutolazimisha mambo. Kaka, sentensi ilianzia juu ya ukurasa ikaishia chini. "Kutotenda ni utendaji unaojikanusha ndani ya udhihirisho wake," na inaendelea tu. Ni Kiswahili. Neno mojamoja nalijua, yote pamoja sikuambulia kitu, na kidato cha nne nilimaliza. Baba Mdogo akanong'ona, "Rudia polepole, labda kitaingia." Watu wakacheka kidogo, wakatazama chini. Mama hakucheka. Akasema, "Huyo anayeongea siyo mwanangu."

Nikafunga kitabu. Tukaimba.

Unakumbuka kule ndiva, bwawa letu la kumwagilia? Nilikuwa mdogo, zamu ya maji ni yetu, nikakimbilia kuchomoa kizibo chote ili shamba lijae upesi. Ukanishika mkono. "Taratibu, Nakiete. Ukiyalazimisha yatabomoa mfereji. Yaache, kushuka yanajua yenyewe." Baadaye ukiwa chuoni ukaniambia kwa simu kwamba wazee wa Kichina wa zamani sana waliwaza hivyohivyo kuhusu kutawala watu. Nilikuwa nakoroga uji, na nikaelewa palepale.

Kwa hiyo kusema ulijua. Hilo ndilo linaloniuma. Sasa humu ndani ulikuwa unamwandikia nani?

Najua ungenijibu kwamba wasomi wana namna yao. Sawa. Basi ungesema ni chao. Usingetunyima Krismasi zako kwa jina letu, Mama akawa anasikiliza kila gari linalopanda mlima.

Nimekiviringisha kwenye kanga, nimekiweka juu ya kabati, panya wasikifikie. Sitakitupa, ni jasho lako. Ila sitamsomea mtu tena, na kukusamehe kwa hilo bado. Usiniharakishe.

Mtoto ameamka, analia. Lala salama, Kaka. Alhamisi zamu ya maji ni yetu, nitakwenda na Neema. Namjua, atakimbilia kizibo. Nitamshika mkono nimwambie kama ulivyoniambia, kwa maneno yaleyale, na akiuliza nani kasema, nitamwambia ni mjomba wake.

Mdogo wako,
Nakiete