Chujio Kubwa, Chujio Dogo na Madumu ya Baba Neema

Jumatano, Makambako.

Upepo wa leo si wa mchezo. Umeng'oa bati la banda la kuku, na mimi nimevaa sweta mbili. Nimekaa mapokezi ya gesti yetu hapa Lyamkena, nalitazama tangi tupu la kioo, refu kuliko kitanda cha sita kwa sita.

Nimelijenga kwa ajili ya mume wangu, Baba Neema. Yeye ni mtu wa Kilwa. Alifika hapa zamani na lori lililoharibika, akasubiri spea, spea ikachelewa, tukaoana. Baridi yetu ameizoea, viazi vyetu anakula hata asubuhi, lakini bahari haijamtoka. Nikaona nimletee ndani, na samaki wake wa rangi rangi, awe anaitazama hapa hapa.

Hapa hapa. Ndipo shida yangu ilipo.

Leo tulitakiwa kuchagua chujio, maana fundi wa Dar anapakia mzigo kesho. Alipiga simu ya video akatuonyesha mawili. La kwanza dogo, linaning'inia nyuma ya tangi, lina sponji tu. La pili kubwa, ni tangi jingine la kukaa chini: maji yanashuka, yanapita kwenye sponji, yanapita kwenye mawe yenye vitundu, kisha kuna mtungi unaotengeneza povu. Povu linapanda na uchafu wa samaki, linamwagikia kwenye kikombe. Nikacheka, nikamwambia hicho kikombe ni kama kipande cha mwanzi tunachokingia pombe yetu ya ulanzi, ila hiki usinywe.

Fundi akasema tangi kama letu, lile dogo halitaliweza. Tukilichukua, itabidi tubadilishe maji mengi kila mara. Mimi nikaona kazi imekwisha.

Baba Neema akasema tuchukue dogo.

"Mzee, maji yote hayo ya bahari utayatoa wapi huko juu?" fundi akauliza.

"Nitayafuata mwenyewe Kilwa. Kila mwezi. Wala haina shida."

Fundi akamweleza kuna chumvi maalumu ya kuchanganya na maji safi, hakuna haja ya kusafiri. Baba Neema akajibu kwamba chumvi ya paketi samaki wataishtukia. Huyu ni mtu anayekula samaki wa kopo bila kulalamika.

Tukasema tutampigia baadaye. Nikatoka uani kuanua mashuka, nikakuta madumu ya bluu, yameoshwa, yamepangwa juani. Chujio lenyewe hatujanunua.

Nikarudi ndani nikamuuliza kuteka maji kunachukua muda gani.

"Wiki," akasema haraka mno. "Wiki na siku mbili tatu."

Nikamwangalia tu. Akainamisha kichwa.

"Mama Neema, siku hizi Mama simu anaiweka kwenye sikio bovu. Naongea, hanisikii. Na nikikwambia nakwenda kumwona, uso wako unabadilika. Nikaona nikisema ni maji..."

Hakumaliza, na kweli hakuwa na haja ya kumaliza. Shangazi zangu waliniambia siku ya kuniaga kwamba mtu wa pwani akirudi kwao umempoteza. Wao wameshasahau, mimi maneno yao bado nayabeba. Akitaja Kilwa nanuna, nikiulizwa nasema ni baridi. Mtu mzima na mvi zake anajificha nyuma ya madumu kwa ajili yangu! Nilimwonea huruma, nikaona aibu, nikampenda upya, vyote kwa mpigo.

Nikachukua simu, nikampigia fundi palepale. Alete kubwa, na chumvi ya paketi.

Baba Neema akainuka. Akatoka uani. Mlango ukiwa wazi, nikamwona anaanza kuyafunga madumu vifuniko.

Nikaongeza sauti ili asikie, nikamuuliza fundi samaki wataingia lini. Akasema si mara moja. Mtambo ukishafungwa, maji yanaachwa yazunguke wiki kadhaa, mawe yashike vile vijidudu vizuri vinavyokula uchafu. Muda huo tangi linahitaji mtu wa kuangalia umeme tu.

"Dada yangu ataangalia umeme," nikapaza sauti kuelekea uani. "Fundi akimaliza tunakwenda Kilwa. Wote wawili."

Akageuka na kifuniko mkononi. "Kuchukua nini?"

"Hatuchukui kitu. Tunakwenda kwa Mama."

Akakaa juu ya dumu. Upepo unampiga, kifuniko bado kiko mkononi.

Sasa nachagua viazi vya kumpelekea mama mkwe, vile vikubwa. Naogopa kidogo, sikatai. Lakini nikifika nitakaa upande wa sikio lake zima, nimwambie kwamba aliyemchelewesha mwanawe huku si spea.