Mwewe Tuliyemnyima Mifupa

Mpenzi wangu Baba Nekesa,

Leo asubuhi jirani yetu Mama Wanjiru amepita hapa na kitu amekifunga ndani ya jani la kabeji. Tangu tukuzike watu wamekuwa wakija na sukari na majani ya chai, nikadhani ni mambo hayo. Kumbe ni donge la manyoya, la kijivu, kama ukubwa wa kidole gumba. "Nimeliokota chini ya ile nguzo ya mwewe," akasema. "Nimeona nisilifungue peke yangu."

Tukaketi kibarazani, tukatandika gazeti, nikaleta sindano. Ndani mlikuwa na fuvu la panya, meno yote mahali pake. Nikageuka nikuonyeshe, nikaona kiti chako kitupu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka ulivyomleta yule mgeni wetu? Ilikuwa wakati wa kuvuna ngano, miaka ile mzungu mwajiri wako alipokuwa ameuza shamba na wewe ukabaki na trekta lako. Ulirudi umevua koti katika baridi hii yetu ya Mau Narok, umelikumbatia kifuani kama mtu anayepeleka mtoto zahanati. Ndani mlikuwa na mwewe. Alikuwa amejigonga kwenye seng'enge, bawa moja limening'inia. Nikakuuliza kama akili zako ni timamu, maana mimi nafuga kuku. Ukasema, "Mtazame macho kwanza, halafu tugombane."

Nikamtazama. Alikuwa na kifua cheupe, mkia wa rangi ya matofali, na macho yaliyonitazama bila kuniomba chochote. Sikugombana tena. Nilitaka kujua anawaza nini.

Ulimfunga bawa kwa kipande cha leso yangu, ukampa stoo ya mahindi iwe nyumba yake. Na kwa kuwa kwetu mgeni hapewi mfupa, ukawa unamletea steki kutoka bucha. Steki, Baba Nekesa. Mimi uliyenioa kanisani nilikuwa nakula matumbo, na mwewe anakatiwa steki vipande vidogo vidogo, mafuta yameondolewa. Alikula yote, lakini kila siku akazidi kunyong'onyea. Manyoya yakapoteza mng'ao, akawa anasinzia mchana kutwa. Ulianza kuinuka mezani kwenda kumchungulia, nami nikajua unaogopa atakufa.

Kisha panya mmoja akajichanganya akapita mbele yake. Hatukuona hata alivyomkamata. Tuliuona mkia tu, unaingia mdomoni kama kamba ya kiatu. Kesho yake mwewe akaanza kukunja shingo na kupanua mdomo, ukaniita mbio ukidhani anakata roho. Akatapika donge la manyoya kama hili la leo, akajikung'uta, akatutazama kama anauliza chakula kiko wapi.

Mtu mwingine angelifagia. Wewe ulichukua sindano yangu ya kushonea, ukalifumua pole pole, ukipanga mifupa kwenye gazeti: mbavu, taya, kamguu. Ukasema, "Mama Nekesa, tumekuwa tukimnyima mifupa kwa heshima." Nilicheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo ukawa unatega panya shamba zima, na wenzako wakaanza kukuuliza kama nyumbani kuna chakula.

Alipona. Akawa anaruka ukuta hadi ukuta humo stoo, vumbi la mahindi linatujaa machoni. Lakini hukumfungulia, na nilijua sababu. Mama Wanjiru alikuwa amekuja mlangoni, mikono kiunoni. "Vifaranga vyangu vinaisha na nyinyi mnafuga mwizi," alisema. "Huyo akitoka, namwekea nyama na ile dawa ya fisi. Naapa." Na hakuwa mtu wa kutishia bure. Kumfungulia kulikuwa ni kumtuma kwenye sumu. Kumweka ndani nako kulikuwa kumuua pole pole.

Ukaenda ukamwomba jambo moja tu, aje nawe kwenye nguzo iliyo kando ya shamba lake la viazi, pale mwewe wengine wanapokaa. Nilifuata na gazeti. Tuliokota madonge kibao, tukayafumua mbele yake. Panya. Panya. Fuko. Panya tena. Alikuwa anasonga karibu, ananyoosha shingo, hasira zinamtoka. Halafu katika moja kukatokea kamguu ka kifaranga. Niliona kidole chako kimesimama juu yake. Ungeweza kukafunika, na mimi moyoni nilikuwa nakuomba ukafunike. Ukamsogezea. "Huyu ni wako, mama."

Alikachukua, akakaweka kiganjani, akatazama ule mlima wa mifupa ya panya waliokuwa wakimtafunia viazi. "Sawa," akasema. "Huyo mmoja ni mshahara wake." Sumu akaifukia mwenyewe, tukiona.

Tulimfungulia mwewe asubuhi iliyofuata, Mama Wanjiru akiwapo. Alikaa juu ya mlango kidogo, kisha akapanda na upepo moja kwa moja kuelekea msituni, hakugeuza kichwa. Ulisimama umeinua mkono kama mtu aliyepungia gari lililokwisha kupita. "Hata kwaheri hakuna," ukasema, na uliumia kweli, nikakutania wiki nzima. Nilikuambia angekuaga kama angekuwa bado mgonjwa.

Nawe ulikwenda hivyo hivyo, Baba Nekesa. Ulitoka kuwasha trekta, ukaanguka kabla chai haijapoa, na hukugeuza kichwa. Nimekukasirikia sana kwa hilo, na sitakuficha. Nakukosa hata kwenye vitu vidogo, kama mfupa huu mmoja uliobaki hapa kwenye gazeti. Si wa panya, si wa fuko. Mama Wanjiru anasema ni wa mjusi, mimi nasema hapana. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Ungekuwepo ungetucheka, halafu ungeugeuza kwa sindano na kutuambia.

Amesema kesho atapita tena, twende wote kwenye nguzo tukatafute mwingine kama huu. Nitakwenda.

Na kwa kuwa ninyi wawili, wewe na mwewe wako, hamkujua kuaga, acha mimi niwaagie. Kwaheri, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Nekesa