Makala ya kakao ya Abdias

Butembo, mwezi wa tatu

Shemeji yangu Jacob,

Nakulamusia katika Bwana. Afya iko namna gani kule Lubumbashi? Unakula muzuri? Huku tunapumua. Christa ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata kidole cha pasteur. Mama yako naye ameanza tena kwenda shambani.

Nimesoma barua yako: maabara ya université imekubali kupima makala ya kaka yako, yale makaa yake ya betri, donc niitume mbio, jina la Abdias liandikwe ya kwanza kwenye ripoti. Nilifurahi, kisha nikakaa chini.

Mimi sikusoma sana, mais ile kazi ilifanyikia jikoni mwangu. Abdias alinieleza kwamba betri ikiwa kwenye umeme, kuna vitu vidogo sana, ioni, vinakimbia kuingia ndani ya makala. Njia zikiwa finyu, vinasongamana mulangoni, betri inakawia kujaa. Akanicheka eti hata hivyo haviwezi kusukumana kama mimi sokoni. Alijaribu kuchoma miti, akajaribu maganda ya kahawa, hapana. Maganda ya kakao ya Mangina ndiyo yalitoa njia nzuri: betri yake ndogo ilijaa umeme wakati chai yetu ingali moto. Akapata gunia moja la makala. Akarudi Mangina kutafuta maganda mengine, na batu ba bunduki bakamukuta njiani. Hiyo unaijua.

Jacob, lile gunia haliko.

Wewe hukupata njia ya kuja kilio cha Abdias. Batu balijaa, mvua inanyesha, makala ya kupikia ikaisha. Mama akalikuta gunia nyuma ya mulango. Nilipoingia jikoni, babula zote, yale majiko ya makala, zilikuwa zinawaka, yeye anageuza maharagi ya bageni. Akanambia nitazame makala mutoto wake alimuachia, haitoi hata moshi. Tangu habari ifike alikuwa hajafungua kinywa. Nusu ya gunia ilikuwa ingali pale, ningeweza kuikamata. Nikachukua sahani, nikagawa chakula.

Vile Abdias alivyochoma maganda ninajua. Vile alivyosafisha na dawa kisha, hapana. Siku njia ya Mangina itafunguka nitaenda kutafuta maganda mwenyewe, Christa mugongoni, na wewe pamoja na batu ba maabara mutanifundisha iliyobaki.

Mais mama usimuulize. Anaambiaka bamama ba kanisa kwamba Abdias alipikia kilio chake mwenyewe, hapana mutu aliyerudi na njaa.

Bote banakulamusia. Bwana akulinde.

Shemeji yako,
Mariette, mama Christa