Mke Aliyeandikwa Si Wewe

Kawangware 56,
Nairobi.
Jumamosi, 17 Mei 2025

Mpendwa kaka Shivachi,

Mulembe, bro. Kabla ya yote, uko mzima? Maurice, tangu aje likizo kutoka huko kwenu, anasema joto la Doha limeanza kuchoma na kwamba umepungua mwili. Aki kula, wacha kujifanya chuma. Huku mvua haijatuhurumia. Kwa Mama kule Gatwekera ni matope hadi mlangoni, na goti linamsumbua akipanda kuelekea reli, lakini bado anapika mandazi yake na bado anagombana na majirani, kwa hivyo jua ni mzima. Mimi pia mwili uko sawa. Roho ndiyo imekuwa juu juu wiki nzima.

Nimempa Maurice barua hii akuletee mkononi kwa sababu kwa WhatsApp hatuwezani. Utasoma nusu, halafu unirekodie maneno ya dakika nne ukiwa na hasira. Jumatatu ulinikatia simu. Iliniuma, Shivachi, sitakuficha. Najua unataka kujua jambo moja tu, kwamba nilichagua cheti gani. Nitakwambia, lakini soma kwa mpangilio, usiruke kurasa.

Unakumbuka nilivyokueleza: kiwanda chetu cha mikate hapa Riruta kilisema kitalipia kila mtu wa ofisi ya wafanyakazi kozi moja, na mwisho wa kuchagua ni Ijumaa saa kumi. Kulikuwa na cheti cha mishahara, hicho mkubwa wako huko amesema nikiwa nacho atanipa kazi kabla ya Disemba. Na kulikuwa na cheti cha usimamizi wa mafao ya wafanyakazi, yaani pensheni, bima ya matibabu na malipo ya familia mtu akifa kazini. Kihara, mkuu wa ofisi yetu, alitaka nichukue cha mishahara, vile vile ulivyotaka wewe. Kwake mafao ni makaratasi ya kujaza kabati. Na nikwambie ukweli, hadi Jumatatu nilikuwa nimeshakubaliana na nyinyi wawili. Nilikuwa nimeomba siku moja tu ya kufikiria. Ulikata simu bure.

Jumanne ndiyo iliharibu kila kitu. Mzee Wesonga wa kwenye tanuri amelazwa, figo zimekataa, na daktari ameshaambia familia wajitayarishe. Nikatoa faili yake niangalie fomu ya mafao. Pale pa jina la mke ameandika: Mama Nasike. Basi. Hakuna jina lingine. Nilicheka, wallahi. Nikafungua faili ya pili, Mama Kathini. Ya tatu, Mama Austin. Mmoja ameandika Mama Watoto! Nilimaliza droo nzima, na karibu nusu ya wanaume wetu wameandika hivyo. Kicheko kikaisha. Hakuna kitambulisho Kenya hii kilichoandikwa Mama Nasike. Mzee akienda, watu wa bima watauliza huyo ni nani, na mkewe atakuwa amesimama pale dirishani na jina lingine kabisa.

Nikampelekea Kihara. Akasema tukianza kufungua hizo fomu hatutazifunga, na kwamba kazi hiyo ni ya mtu mwenye cheti cha mafao, na hapa kwetu hakuna. Nikarudi kwa meza yangu nikiwa nimefura. Mtu anakufa, wewe unaniambia cheti?

Jumatano saa ya lunch nilibeba fomu mpya nikaenda wodini. Mzee amevimba uso, sauti imeshuka. Nikamwomba jina la mkewe. "Mama Nasike," akasema. "Kwani wewe humjui? Kila mtu anamjua." Nikamwambia mzee, nataka la kitambulisho. Akafumba macho. Nilisimama hapo na kalamu nikiomba Mungu asilale kabla hajakumbuka. Aki Shivachi, nilihesabu pumzi zake. Mwishowe akasema Everlyne, Everlyne Nekesa, na akaandika mwenyewe, herufi moja moja, akatia sahihi.

Niliporudi, Kihara alikuwa na barua ya onyo tayari. Nimetoka bila ruhusa, nimefanya kazi isiyo yangu. Fomu akaitia kwenye droo yake bila muhuri, na bila muhuri wa ofisi haihesabiki. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nikichagua mishahara Ijumaa, hiyo barua itapotea yenyewe. Fikiria, bro. Kazi hii ndiyo imenitoa Gatwekera.

Lakini tangu wodini kulikuwa na maneno yanazunguka kichwani. Unakumbuka siku ile ya 2009, Mama ametoka kwa kampuni ya Baba kufuatilia malipo ya msiba? Wewe ulikuwa Form Three, mimi darasa la tano. Dirishani walimwambia hivi: mke aliyeandikwa si wewe. Alirudi akakaa chini, na ploti nzima ikajua. Kuanzia siku hiyo Baba alikuwa na mke mwingine. Kila mwanamke aliyelia sana kule mazishini Shinyalu, tulimkumbuka upya. Malipo hayakutoka, wewe ukaacha shule ukaenda kubeba mawe kwa mjengo. Na mwanao Brandon alipozaliwa, wazee wakingoja umwite Lihanda, jina la Baba, kama desturi, ulikataa. Ulisema jina la msaliti halitaitwa kwako.

Alhamisi nikitoka kazini nilienda moja kwa moja kwa Mama. Nikamwomba ule mfuko wa nailoni wa karatasi za Baba, ule unaokaa chini ya kitanda na haufunguliwi. Wueh! Alinifokea nikashangaa. Ati niwache wafu. Nilikataa kutoka. Akanirushia mfuko mapajani, akatoka nje kwa karai lake la mandazi.

Ndani kulikuwa na barua ya Kizungu cha ofisi, na nyuma yake nakala ya fomu. Mwandiko wa Baba, ule wa kulala upande. Jina la mke: Mama Shivachi.

Ni hivyo tu, kaka. Hakukuwa na mwingine. Mke aliyeandikwa alikuwa yeye, na hakuna mtu katika sisi wote aliyewahi kutazama.

Nilimfuata Mama nje nikamsomea. Akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akaniambia nisome tena. Nilisoma mara tatu. Akasema, "Miaka kumi na sita namtukana bure." Tulilia sisi wawili, na mandazi zikaungua zote.

Usijilaumu kwa vile jina ni lako. Baba aliandika vile alivyomwita Mama kila siku tangu uzaliwe. Kama malipo yale bado yanaweza kufuatiliwa, sijui. Nitauliza, lakini sikuahidi kitu.

Kwa hivyo jana saa tisa na nusu nilichagua mafao. Kihara alitazama karatasi akasema barua ya onyo inabaki kwa faili na cheo nisahau. Ibaki. Mwambie mkubwa wako huko asante, na anisamehe. Najua ulinitafutia hiyo nafasi kwa jasho na nimekuvunja moyo. Kasirika, una haki, lakini simu usinikatie tena. Mzee Wesonga asubuhi hii bado anapumua. Jumatatu naenda kudai ule muhuri, na naogopa, lakini naenda.

Na sasa nicheke. Fomu ya chuo ikauliza jina la jamaa wa karibu. Mkono wangu ukaandika wenyewe: Mama Shivachi. Mimi! Nikakata, nikampigia, nikamuuliza majina yake kamili. Ndipo akaniambia kwamba tangu Baba azikwe hakuna mtu wa nyumba hii amewahi kumuuliza.

Mkeo Seline na Brandon wako salama kule Ayany. Brandon ameng'oka jino la mbele, na ameniuliza babu yake aliitwa nani. Sikumjibu. Nimekuachia wewe.

Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Anakusalimu sana mama yako, Rodah Khasandi Lihanda. Ameniambia niyaandike yote matatu, vile yalivyo kwa kitambulisho.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Musimbi