Maporomoko Niliyoyasifia Bila Kuyaona

Mama Dorothea,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla hujaendelea kusoma nakuomba usimwonyeshe mhariri Gregori barua hii, maana mimi nawe tunaandika gazeti moja la watu wetu huku Amerika, wewe ukurasa wa tano wa ushauri na mimi wa sita wa safari, ingawa hujawahi kuniona wala yeye hajaniona, makala zangu natuma kwa posta na majibu yananikuta kwenye sanduku la posta, na nimefanya hivyo makusudi.

Mimi ndiye Msafiri wa safu ya "Funga Begi". Najua wote mnadhani ni mwanamume mwenye pasipoti iliyojaa mihuri, kumbe ni mwanamke kutoka Meru, nimekaa Wheaton, hapa Maryland, miaka tisa, viza yangu iliisha mwaka wa kwanza, na safari yangu ndefu kabisa tangu nishuke kwenye ndege ni Baltimore, tena nilienda mazishini. Ninamtunza bibi wa Kimarekani, Bi Audrey, mwalimu mstaafu, na ninaishi humo humo kwake. Yeye na marehemu mumewe walitembea sana, lakini kwa kuwa hawakujua lugha nyingine na waliona haya kuagiza chakula kwa kunyoosha vidole, walichagua nchi zinazosema Kiingereza tu, na kila nchi ina albamu yake kabatini. Utamwona Ireland juu ya majabali, upepo umemvua kofia, utamwona Sydney kwenye feri, utamwona Rotorua huko New Zealand, mji ambao anasema wote unanuka mayai viza, na Cape Town akingoja wingu liondoke mlimani, na hata Nairobi kwetu yupo, anakula nyama ya kuchoma mwaka 1978 katika hoteli ambayo mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga mlangoni. Kila alasiri akishameza dawa ananisimulia, na mimi nikaanza kuandika.

Ya kwanza ilikuwa Edinburgh, niliituma kwa mzaha, Gregori akaichapa, na Jumapili iliyofuata nikawasikia watu kanisani wakibishana kama Scotland ni bora Mei au Agosti, wakibishana kwa maneno yangu mimi, mimi ninayeshinda nikibadilisha shuka na kuitwa "honey" na watu wasiojua jina langu. Sitakudanganya, Mama, nilisikia utamu. Nikaandika London, nikaandika Sydney, nikashauri watu wabebe koti gani na wakae upande gani wa feri.

Mwezi wa Juni nikaandika Niagara. Bi Audrey aliniambia kuvuka daraja kwenda Canada si kazi, unasimamisha gari, unaonyesha leseni, afisa anakutakia siku njema, nami nikaandika hivyo hivyo, tena nikaongeza la kwangu, nikasema anayeyatazama maporomoko kutoka upande wa Amerika ameyaona kisogo, na avuke akayaone uso. Sikufikiria kwamba Bi Audrey alivuka mwaka 1974 na kwamba yeye ni raia aliyezaliwa Ohio. Na wewe unatujua sisi watu wa Maryland na leseni zetu, hapa hata asiye na karatasi anapewa, basi unaiweka mfukoni miaka na miaka, ukiulizwa kitambulisho unaitoa kwa madaha, mpaka unasahau kwamba imekuruhusu kuendesha gari tu.

Nina rafiki Takoma Park, nimwite Genoveva, na mumewe nimwite Cosmas, hayo si majina yao. Genoveva ni nesi na ana kibali cha kudumu, Cosmas hana, alikuja kwa viza ya masomo miaka kumi na mmoja iliyopita akaacha shule, na walikuwa wakihesabu miezi, kwa sababu mwakani Genoveva anakula kiapo cha uraia kisha anamwombea mumewe karatasi. Agosti ndoa yao ilitimiza miaka kumi. Cosmas alikata makala yangu kwa mkasi, akaiweka kwenye gari, wakaenda na binti yao Makena wa miaka minane. Upande wa Canada afisa akawaomba pasipoti na viza, hawakuwa nazo, akawaambia kwa upole tu wageuze gari. Lakini kugeuza gari pale ni kurudi kupitia kwa maafisa wa Amerika, na hao wakaingiza jina la Cosmas kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo yuko kizuizini kule kaskazini mwa New York.

Mama Dorothea, laiti Genoveva angemtukana Msafiri! Hakumtukana. Alikuja kwa Bi Audrey, akakaa nami jikoni, akasema, "Huyu Msafiri ametembea hii dunia yote, lazima anajua mtu wa immigration. Niandikie barua, please, mimi Kiswahili cha kuandika kilinitoka kitambo." Nikamwandikia. Yeye anasema, mimi naandika, barua ya kujiomba mimi mwenyewe msaada. Alipofika kwenye habari ya daraja akasema, "Si tungeridhika tu na hicho kisogo." Sikuweza kuinua uso. Akaituma gazetini, na wiki iliyofuata Gregori akaiingiza katika bahasha akanitumia, mwandiko wangu ukanirudia.

Sasa nakwambia lile ambalo hata kwenye maombi sijalitamka. Kanisa lilikuwa limempatia Genoveva wakili, Bwana Wayne, anayewasaidia watu wetu bila malipo, na huyo wakili alisema kuna maombi yanayoweza kupelekwa kwa jaji kwa sababu Makena amezaliwa hapa, akataka pia aone kile kipande cha gazeti kama ushahidi kwamba hawakwenda mpakani kwa nia mbaya. Tena akauliza mwandishi ni nani. Genoveva ndiye aliyenieleza hayo. Nikaona mwisho wangu umefika, watanitafuta, watajua sina karatasi, Bi Audrey atabaki na nani. Basi nikajibu kwa taipu, kama Msafiri, nikamwambia asiwe na haraka ya mawakili, kuna mtu mkubwa ninayemjua na nitazungumza naye. Genoveva alifurahi mpaka akalia. Akamwambia wakili asubiri kwanza.

Kesi itasikilizwa Alhamisi tarehe 16 Novemba, na wakili alisema maombi yasipofika mahakamani kabla ya Ijumaa tarehe 10 hakuna atakachoweza kufanya. Jumapili iliyopita Makena, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alinishika mkono nje ya kanisa akaniuliza, "Auntie, is Msafiri calling the judge this week?" Nikamwambia nadhani ndiyo.

Nikimwambia Genoveva nitampoteza, na ni yeye tu niliye naye hapa, na kwa hasira anaweza kunitaja. Je, haiwezekani Msafiri amwandikie barua nyingine, amwambie kwa upole kwamba yule mtu mkubwa ameshindwa, arudi kwa wakili, bila mimi kujulikana? Nishauri, Mama, silali, sili.

Ni mimi,
Jirani yako wa ukurasa wa sita


Msafiri,

Gregori ameisoma barua yako. Uliomba asiione nami nimemwonyesha, na wewe wiki hii si mtu wa kunidai siri.

Nianze kwa huruma, maana ikipita hapa sijui kama itarudi. Miaka tisa ndani ya nyumba ya watu, ukimwogesha mtu na kumlisha, huku umezungukwa na picha za nchi ambazo huwezi kwenda, nasi ambao tuna pasipoti hatujawahi kukuuliza unaendeleaje. Mtu aliyefungiwa hivyo akiota ndoto za safari simlaumu. Ile makala yako ya Scotland niliibandika kwenye jokofu langu. Nimeibandua leo asubuhi.

Makala ya Niagara ilikuwa uzembe. Uliandika usilolijua, na sisi tukachapa bila kukuuliza hata mara moja kama umewahi kuvuka daraja lolote. Hilo tunalibeba pamoja, wewe, mimi na Gregori. Lakini barua ile ya pili, ya mtu mkubwa, usiiite kosa. Hapo ulikaa kwenye kiti, ukavuta taipu, ukamchukua mwanamke aliyekuwa tayari ameshika mkono wa wakili ukamwachisha. Cosmas alale kizuizini ili wewe usiulizwe jina lako. Ndivyo ulivyochagua, dada yangu, tena ukapewa shukrani na machozi juu yake, ukazipokea.

Na sasa nikupe uchungu mwingine, maana unakustahili. Jumatatu nilimpigia wakili mmoja, si huyo Wayne, nikamweleza bila kutaja mtu. Akasema jaji anahitaji kile kipande cha gazeti, na mtu wa kuthibitisha kwamba kilichapwa kweli. Huyo ni mhariri. Jina lililo kwenye kipande ni Msafiri, na Msafiri hana anwani wala viza iliyokwisha. Hakuna ambaye angekuja kukutafuta Wheaton. Ungeuliza swali moja tu mwezi wa Septemba, hata kwangu, ukurasa ni huu huu, ungejua hivyo. Umemnyima Cosmas wakili kwa miezi miwili kwa sababu ya kuogopa kitu ambacho hakikuwapo.

Unauliza kama Msafiri anaweza kuandika barua nyingine ya upole. Hapana! Umekwisha kumdanganya kwa jina hilo mara mbili, unataka ya tatu iwe na adabu? Msafiri hataandika tena, kwa Genoveva wala kwetu. Ukurasa wa sita wiki hii hauna "Funga Begi". Pale pana tangazo la Gregori kwa herufi kubwa, kwamba leseni ya Maryland si pasipoti, kwamba tuliyoyachapa Juni kuhusu Niagara hayakuwa kweli kwa watu wetu wengi, na kwamba asiye na karatasi asilisogelee daraja lile, hata kama ni kwa picha.

Sikiliza sasa utakavyofanya. Nakala yako ya gazeti inafika posta Ijumaa, Genoveva huchukua yake dukani Jumamosi jioni kama wasomaji wetu wote wa Takoma. Umebadilisha majina, lakini hakuna mke mwingine katika mji huu ambaye mumewe aligeuziwa gari darajani mwezi wa Agosti. Atajijua kabla hajamaliza mistari kumi. Nimeichapa nikilijua hilo, kwa sababu wewe huna anwani ila sanduku la posta, na zimebaki siku chache kuliko visingizio vyako. Jumamosi asubuhi mwombe jirani akae na Bi Audrey, uende kwa Genoveva kabla gazeti halijamfikia.

Usianze kwa kulia. Ukilia ataanza kukubembeleza, namwona ni mtu wa namna hiyo, na muda utapita. Mwambie hivi: hakuna mtu mkubwa, Msafiri ni mimi, mpigie Bwana Wayne sasa hivi. Kisha nyamaza mpaka apige. Gregori amenakili makala ya Juni na kuandika barua ya kuithibitisha kwa sahihi yake, zote zimo ndani ya bahasha moja pamoja na nakala yako ya gazeti. Ziweke mezani kwake. Akikufukuza toka, lakini bahasha ibaki. Akikupiga kofi, pokea. Usimwombe msamaha siku hiyo, ana kazi ya kufanya mpaka Ijumaa, na kukusamehe wewe hakumo.

Makena usimwachie mama yake. Mwambie mwenyewe, kwa Kiingereza ikibidi, kwamba hakuna anayempigia jaji simu na kwamba aliyesema "ndiyo" alisema uongo. Atakuchukia. Ni afadhali akuchukie wewe leo kuliko kumngoja Msafiri siku ya Alhamisi ile.

Utanitaka nikwambie kwamba Genoveva atarudi kuwa rafiki yako, na kwamba Cosmas atatoka. Sijui. Wakili huenda bado ana nafasi, huenda hana tena. Hayo ndiyo matunda ya kusubiri, na aliyesubirishwa hakuwa wewe. Mambo ya Genoveva yakiisha, nenda ukamwone wakili kwa ajili ya karatasi zako mwenyewe. Umewashauri watu wapande ndege gani, na kwa miaka tisa hujawahi kumuuliza mtu hata swali moja juu yako.

Kutoka Wheaton mpaka Takoma ni vituo vitatu kwa treni. Hakuna daraja, hakuna afisa, hakuna atakayekuomba hata leseni. Na safari hii huwezi kuichukua kwenye albamu ya Bi Audrey. Nenda.

Dorothea